Gari Lina Waranti, Turbo Haisukumi: Anza Hapa Kabla ya Kushika Spana

Mlima wa Kitonga, njiani kwenda Iringa, humuumbua mwenye turbo dhaifu, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini. Nilikuwa naelekea Iringa na pikapu ya dizeli niliyoinunua mpya, imetembea kilomita 41,000, nyuma imebeba mifuko 12 ya mbolea. Tangu Morogoro ilikuwa inakwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, nikakanyaga mafuta hadi sakafuni na sindano ya mizunguko ikazidi kushuka. Nikarudisha gia, ikashuka tena. Kwenye kona ya tatu taa ya injini ikawaka, kompyuta ikaliweka gari kwenye hali ya kujilinda, na mlima wote uliobaki niliumaliza kwa gia ya pili huku malori yakinipita.

Waranti ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kutengenezewa bure. Hata hivyo gereji ya wakala ilinirudishia ufunguo mara mbili, gari likiwa limefutwa taa tu. Mara ya tatu nilikwenda na namba mkononi, na siku hiyo ndiyo walipotafuta. Nayaandika haya kwa ajili ya mwenye gari ambaye yuko pale nilipokuwa mimi baada ya safari ya pili: anajua gari lake linaumwa, na kila anayemwambia anaona kama anadeka.

Shika hili kabla ya mengine yote. Gari likiwa na waranti, wewe unakusanya ushahidi, wao wanafungua. Kila bolti utakayoilegeza ni nafasi ya mtu kusema tatizo umelileta wewe.

Usifute taa

Taa ikiwaka, fundi wa mtaani atakwambia lete nikufutie, dakika moja tu. Mkatalie kwa upole. Mkatalie pia anayetaka kuchomoa waya wa betri "gari lijisahau". Kompyuta inapoandika hitilafu hutunza pamoja nayo picha ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo, mara nyingi na presha ya hewa. Ukifuta, picha hiyo inaondoka. Tena magari mengi huhesabu kilomita tangu hitilafu zilipofutwa mara ya mwisho, kwa hiyo wakala akichomeka mashine yake anaona kwamba kuna mtu alifuta juzi.

Nunua kisomeo kidogo cha bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani, na uweke programu yake kwenye simu. Kukisoma si kuharibu chochote. Piga picha ya skrini kila ukurasa, hakikisha tarehe inaonekana, na uandike kilomita za siku hiyo.

Namba utakayoikuta mara nyingi ni P0299. Maana yake ni kwamba presha iliyopatikana ni ndogo kuliko ile kompyuta iliyoiomba. Haisemi turbo imekufa. Turbo nyingi nzima zimebadilishwa kwa sababu ya namba hii, na gari likarudi na ugonjwa uleule. Tazama namba inaambatana na nini. Ikija na P0101, sensa inayopima hewa inayoingia inatoa hesabu isiyolingana na mengine. P0402 inaelekeza kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kiasi ndani ya injini. P2463 inasema chujio la masizi kwenye ekzosi limejaa. P2563 inahusu mkao wa kifaa kinachosogeza vipanga vya turbo, yaani vibapa vidogo vinavyoelekeza moshi kwenye feni. P0087 ni presha ya dizeli kwenye reli ya nozeli, na hapo huenda turbo haina kosa lolote. Na ukiona P0299 inabadilishana na P0234, ambayo ni presha kuzidi, shuku vipanga vinavyonata: leo vimegoma vikiwa wazi, kesho vimegoma vikiwa vimefunga.

Pima hewa ya nje kwanza

Kipimo hiki kinachukua sekunde 10 na watu wengi wanakiruka. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma sensa ya presha. Turbo imesimama, kwa hiyo sensa inapaswa kusoma hewa ya anga tu. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utakuta kama kilopaskali 100 au 101. Iringa mjini, karibu mita 1,550 juu ya bahari, ni kama 84. Nairobi ni karibu 83. Ikiwa uko Kariakoo na sensa inakwambia 88, basi sensa yenyewe inadanganya au waya wake una kasoro, na namba zote zitakazofuata zitakuwa za uongo. Ishia hapo, piga picha, peleka gari.

Kipimo hiki kinakufundisha pia kwamba sensa haipimi kazi ya turbo peke yake. Inapima hewa yote, ya anga pamoja na iliyosukumwa. Ukisoma 200 ukiwa Tanga, turbo imeongeza 100. Ukisoma 200 Iringa, imeongeza 116, yaani imefanya kazi zaidi kufika palepale. Ndiyo sababu kasoro ndogo inayojificha pwani hujitokeza nyanda za juu. Mwenye gari wa Njombe au Limuru anaweza kulalamika mwaka mzima huku wakala wa mjini pwani akiapa kwamba gari ni zima, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Rekodi barabarani, gari likiwa na mzigo

Turbo haipimwi gari likiwa limesimama, wala ukiwa unatembea taratibu kwenye tambarare. Ukikanyaga kidogo kompyuta haiombi presha, kwa hiyo namba ndogo hapo haina maana yoyote. Unahitaji mlima, au mzigo, au vyote viwili.

Chukua mtu wa kushika simu, dereva asiiguse. Injini iwe imeshapata moto wake wa kawaida. Tafuta kipande cha barabara kisicho na watu, weka gia ya tatu, anzia mizunguko 1,500, kanyaga hadi mwisho mpaka 3,000 na kitu, kisha achia. Rudia mara tatu palepale. Programu irekodi mizunguko, mkao wa pedali, presha iliyoombwa, presha iliyopatikana, na kiasi cha hewa kinachoingia kwa gramu kwa sekunde. Kama programu yako haionyeshi presha iliyoombwa, rekodi ile iliyopatikana, bado inasaidia. Jihadhari na jambo moja: usomaji wa kawaida wa presha kwenye visomeo hivi haupandi zaidi ya 255. Ukiona mstari umelala sawasawa kwenye 255, kisomeo kimefika mwisho wake, turbo haijaishiwa.

Na kama gari limekwisha kuingia hali ya kujilinda, usirekodi hapo. Kompyuta imekwisha kuinyima turbo kwa makusudi, na unachokiona ni matokeo. Zima, subiri dakika chache, washa, rudia.

Namba zinavyosema

Pikapu yangu iliomba kilopaskali 238 na ikapata 171, mizunguko 2,800, gia ya tatu. Pengo kama hilo halina mjadala. Lakini ukubwa wa pengo hausemi sababu. Sababu huonekana kwenye umbo la mstari, na kwenye uhusiano wa presha na hewa inayoingia.

Presha ikibaki karibu na ya anga hata ukikanyaga mpaka mwisho, kuna kitu kimeachana kabisa. Ama mpira mkubwa wa hewa umechomoka kwenye shingo yake, ama kifaa kinachosogeza vipanga hakipati vakyumu (nguvu ya kufyonza inayokisogeza) au umeme, ama valvu ya EGR imegoma ikiwa wazi. Ni kosa kubwa na kwa kawaida ni rahisi kulipata.

Presha inayopanda kwa uvivu, ukasubiri, ukasubiri, kisha ikafika, ni dalili ya vipanga vilivyoshikwa na masizi au uvujaji mdogo. Turbo za dizeli za siku hizi nyingi zina vipanga vinavyojibana injini ikiwa chini ili moshi upite kwa kasi na kuzungusha feni mapema. Vikishindwa kujibana, gari linakuwa zito kuondoka na baadaye linachangamka. Huwapata sana wanaoishi kwenye foleni, Mbagala kwenda Posta na kurudi, injini haipati kukimbia wala kupata moto wa kutosha.

Presha inayopanda vizuri kisha ikaanguka kadiri mizunguko inavyoongezeka, fikiria kuziba. Injini inataka hewa nyingi na njia imekuwa nyembamba. Chujio la hewa, mdomo wa kuvutia hewa ulioingiwa na mfuko au majani, mpira wa kabla ya turbo unaonywea ukifyonzwa, au upande wa kutokea, chujio la masizi lililojaa na silensa iliyobonyezwa na jiwe. Chujio la dizeli lililochoka nalo huleta umbo hili: dizeli ikipungua, moshi unapungua nguvu, na turbo haina cha kuizungusha.

Presha kamili lakini nguvu hakuna? Achana na turbo. Angalia presha ya dizeli, breki zinazoshika, klachi inayoteleza.

Halafu kuna ile inayowatesa watu kuliko zote: asubuhi gari zima, mchana bovu. Hiyo ilikuwa yangu. Mpira ukiwa baridi mpasuko wake umejifunga. Ukipata moto na presha ya kweli, unafunguka kama mdomo. Valvu ya umeme inayogawa vakyumu nayo hugoma ikipata joto. Usikubali gari la namna hii lipimwe saa mbili asubuhi likiwa limelala usiku kucha uani.

Sasa linganisha presha na hewa inayoingia. Sensa ya hewa iko mwanzoni kabisa, baada ya chujio. Presha ikiwa ndogo na hewa inayoingia ikiwa nyingi kuliko inavyopaswa kwa presha hiyo, hewa ilihesabiwa getini kisha ikatorokea njiani, yaani kuna uvujaji kati ya turbo na injini. Presha na hewa zikiwa ndogo zote mbili, hewa haikuingia tangu mwanzo: njia imeziba, vipanga havifanyi kazi, au EGR inajaza nafasi kwa moshi. Hutajua ipi ni nyingi na ipi ni ndogo bila kitu cha kulinganisha, kwa hiyo tafuta rafiki mwenye gari kama lako, mpite barabara ileile kwa gia ileile, mrekodi. Hakuna kilichonisaidia kama saa moja niliyokaa na pikapu ya jirani.

Macho, masikio na pua

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua boneti na uchukue tochi. Fuata mpira kutoka turbo hadi intakula, ile rejeta inayopoza hewa, kisha kutoka intakula hadi injini. Usivute, usikaze, tazama tu. Hewa ya turbo hubeba ukungu kidogo wa oili, na unyevu mwembamba ndani ya mipira ni wa kawaida. Unachokitafuta ni mahali ambapo ukungu huo umetoka nje.

Kwangu ulikuwa upande wa chini wa mpira unaoingia intakula, sentimita mbili kutoka kwenye klampu, pasipoonekana mpaka ulale chini ya bampa. Vumbi lilikuwa limeshikana na oili likachora alama kama upepeo mdogo, nyembamba kwenye mpira na pana kwenye chuma cha jirani. Mpasuko wenyewe sikuuona. Niliona upepeo, nikaupiga picha tatu, nikaweka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Sikuugusa hata kwa kitambaa, maana vumbi lile ndilo lililokuwa shahidi wangu.

Kuna sauti za kusikiliza pia. Hewa ikivuja husikika kama pumzi, "fsssh", inayoanza ukikanyaga na kukata ukiachia. Kitu kinachogonga "tiki tiki" injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto, pamoja na masizi meusi kwenye maungio ya ekzosi, ni moshi unaovuja kabla ya kufika kwenye turbo. Mlio mkali kama king'ora, unaopanda na kushuka na mizunguko, ni hatari: huenda feni imeliwa au inagusa nyumba yake. Zima gari, ita gari la kuvuta. Feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ikivunjika vipande huenda mbele kwenye intakula au kwenye injini, na madai madogo ya waranti yanageuka madai makubwa.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, ingawa gari lenye chujio la masizi linaweza kuuficha na wewe ukaona tu kwamba linajisafisha mara kwa mara kuliko zamani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Pima oili kwa kijiti kila asubuhi kwa wiki moja na uandike.

Kama gari lako ni la petroli

Mengi ni yaleyale, ila turbo ya petroli kwa kawaida haina vipanga vya kusogea. Ina mlango wa pembeni unaopitisha moshi wa ziada. Mlango ukishindwa kufunga sawasawa presha haipandi, na mara nyingine unausikia ukitikisika kama bati injini ikiwa baridi. Kuna pia valvu inayotoa hewa unapoachia pedali. Kiwambo chake kikichanika, hewa inazunguka na kurudi ilikotoka. Na usisahau mafuta yenyewe. Ukiweka petroli ya oktani chini ya iliyoandikwa kwenye mlango wa tanki, injini inaanza kugonga na kompyuta inapunguza presha ili ijiokoe. Kabla ya kulalamika, jaza tanki mara mbili ya petroli sahihi na utunze risiti.

Usivyopaswa kugusa

Usipulizie dawa ya kusafishia ndani ya turbo. Usizibe EGR. Usitoboe wala kuondoa chujio la masizi, hata ukiambiwa kila mtu anafanya hivyo. Usibadilishe programu ya injini ili kuongeza nguvu. Wakala ana njia za kugundua, na hilo linaweza kutolewa kama sababu ya kukataa madai. Chujio la hewa unaweza kulitazama ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu, lakini ukibadilisha weka la kiwanda na utunze risiti. Kwa barabara zetu za vumbi hili si dogo: chujio bandia likipitisha mchanga, ncha za feni zinalika, na alama zake fundi yeyote anazisoma. Oili vivyo hivyo. Gari lenye chujio la masizi linataka oili ya majivu kidogo, ile ambayo kitabu kimeitaja, na jina lake lionekane kwenye risiti ya sevisi.

Mezani kwa wakala

Mara ya pili niliyokwenda, kijana wa mapokezi alinipokea vizuri kabisa.

"Shikamoo mzee. Gari lako tumelipima, halina tatizo."

"Marahaba mwanangu. Mmelipimia wapi?"

"Hapa uani, mzee. Tumezungusha mpaka barabarani kidogo."

"Na mzigo?"

Hakukuwa na mzigo. Hakukuwa na mlima. Sikumlaumu, kwa sababu kwenye karatasi ya kazi mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika maneno matatu: gari halina nguvu. Fundi aliyeipokea karatasi ile angefanya nini?

Mara ya tatu nilimwandikisha hivi: linapoteza nguvu likipanda mlima, injini ya moto, gia ya tatu, mizunguko 2,500 hadi 3,000, mzigo kilo 600, P0299 imerudi mara tatu, presha iliyoombwa 238, iliyopatikana 171, kuna alama ya oili na vumbi chini ya mpira wa intakula, picha zimeambatanishwa. Nikamwomba aandike yote, nikasoma, nikasaini, nikapiga picha ya karatasi hiyo kabla sijaondoka. Kisha nikaomba mambo manne kwa jina: mfumo wa hewa ujazwe presha au moshi wa kupimia ili uvujaji uonekane, mkao wa vipanga ulinganishwe na ule ulioombwa, kiwango cha masizi kisomwe, na iangaliwe kama kiwanda kimetoa programu mpya au maelekezo kuhusu hitilafu hiyo. Mwisho, nikaomba fundi apande gari pamoja nami likiwa na mzigo. Hilo la mwisho ndilo lililomaliza ubishi.

Wakikwambia tatizo halijaonekana, wafanye waliandike hilo pia, pamoja na tarehe na kilomita. Hitilafu iliyolalamikiwa ndani ya muda wa waranti ina uzito hata muda ukiisha kabla haijapona, mradi una karatasi. Wakikataa madai, omba sababu kwa maandishi. Tanzania, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 inashughulikia pia haki za mlaji. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Mara nyingi hutafika huko. Barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa huduma, yenye picha na namba, hufungua mlango.

Mpira ulibadilishwa kwa waranti, na klampu mbili pamoja nao. Walipoukunja mezani mpasuko ulifunguka urefu wa kidole gumba. Turbo yenyewe haikuwa na kosa.

Usipokee gari la namna hii kwa kuzunguka mtaa mmoja. Lirudishe kwenye barabara ileile, mzigo uleule, gia ileile, urekodi tena. Mimi nilisubiri safari iliyofuata ya Iringa. Kitonga, kona ya tatu, kompyuta iliomba 238 na ikapata 236. Rekodi hiyo iko kwenye simu pamoja na ile ya kwanza, na karatasi ya matengenezo yenye jina la kipuri, tarehe na kilomita iko ndani ya kitabu cha sevisi, kwa sababu mpira huo ukipasuka tena kabla ya kilomita 100,000, safari hii sitaanza upya.